KISA NA SABABU: RIWAYA YA SALINGER, WAUAJI WATATU NA DHANA ZA NJAMA



1.0 Utangulizi

Usiku wa tarehe 8 Desemba 1980, mwanamuziki John Lennon alipigwa risasi mbele ya jengo la Dakota mjini New York, alimokuwa akiishi, akafariki dunia. Muuaji wake, Mark David Chapman, kijana wa miaka 25, hakukimbia. Alibaki palepale akisoma kitabu hadi polisi walipomfikia. Kitabu hicho kilikuwa riwaya ya J.D. Salinger iitwayo The Catcher in the Rye, iliyochapishwa mara ya kwanza mwezi Julai 1951. Chapman alikuwa amekinunua siku hiyohiyo, na ndani yake alikuwa ameandika kwamba hayo ndiyo maelezo yake, akatia sahihi kwa jina la mhusika mkuu wa riwaya, Holden Caulfield.

Haikupita miezi minne. Tarehe 30 Machi 1981, John Hinckley alimfyatulia risasi Rais Ronald Reagan nje ya hoteli mjini Washington. Katika chumba alichokuwa amepanga, miongoni mwa vitabu vyake, ilikutwa riwaya hiyohiyo. Kisha tarehe 18 Julai 1989, mjini Los Angeles, Robert John Bardo alimuua mlangoni kwake mwigizaji Rebecca Schaeffer, binti wa miaka 21. Muuaji alikuwa amebeba nakala ya riwaya hiyo, na alipokuwa akikimbia aliitupa.

Kutokana na matukio haya matatu kumezuka imani kwamba riwaya hii ina nguvu iliyofichwa: kwamba ni ishara ya siri inayowaamsha wauaji waliokwisha kuandaliwa na idara za ujasusi bila wao wenyewe kujua. Imani hii imerudiwa katika vitabu, katika filamu na katika mazungumzo ya kawaida, kiasi kwamba wapo wanaoijua tuhuma dhidi ya kitabu kabla hawajakifungua kitabu chenyewe.

Mhadhara huu unakusudia kuonesha mambo mawili. Kwanza, kwamba ushahidi wa imani hiyo hautoshi. Pili, na hili ndilo kubwa, kwamba anayeikubali imani hiyo anamkubalia muuaji jambo aliloliomba: kwamba kitabu kisomwe kama maelezo ya kitendo chake. Swali la msingi ni la usomaji. Je, ni nani mwenye haki ya kutufasiria riwaya, na kwa ushahidi gani?

2.0 Istilahi: Nadharia au Dhana?

Katika Kiswahili cha vyombo vya habari imezoeleka istilahi nadharia ya njama. Istilahi hii ina sehemu mbili, na kila moja inastahili kupimwa peke yake.

Neno njama halina kasoro. Njama zipo. Watu hula njama, na mahakama huwatia hatiani kwa kosa hilo. John Wilkes Booth, aliyemuua Rais Abraham Lincoln mwezi Aprili 1865, alikuwa na washirika, na wanne kati ya walioshtakiwa katika shauri hilo walinyongwa mwezi Julai mwaka huohuo. Hivyo basi, mtu anayedai kuwapo kwa njama hapaswi kudharauliwa kwa sababu tu ya kudai hivyo. Anapaswa kuulizwa ushahidi wake.

Tatizo liko katika neno nadharia. Kitaaluma, nadharia ni kauli inayojiweka hatarini: hueleza ni ushahidi gani ukipatikana yenyewe itakuwa imeanguka. Imani inayojadiliwa hapa haijiweki hatarini. Hati zikionekana, huwa ni uthibitisho. Hati zisipoonekana, hudaiwa kwamba zimefichwa, na kufichwa huko nako huwa uthibitisho. Jambo lisiloweza kushindwa kwa hoja yoyote halina sifa ya kuitwa nadharia. Kwa sababu hiyo, mhadhara huu unatumia istilahi dhana ya njama.

3.0 Matukio Matatu na Nafasi ya Kitabu

Wanaoeneza dhana hii huyataja matukio matatu kwa pumzi moja, kana kwamba ni tukio moja lililojirudia. Yakitazamwa moja baada ya jingine, hayafanani.

Katika tukio la kwanza, kitabu kina nafasi kubwa. Chapman alijiita Holden. Mahakamani, siku ya kuhukumiwa, tarehe 24 Agosti 1981, alisoma kwa sauti kifungu cha riwaya kinachowahusu watoto wachezao karibu na genge. Hata hivyo, kitabu hakikuwa peke yake. Katika chumba chake cha hoteli aliacha vitu vilivyopangwa makusudi ili vionwe, ikiwamo Biblia iliyofunuliwa penye Injili ya Yohana, ambapo aliongeza jina la Lennon kwa mkono wake. Hakuna aliyewahi kudai kwamba Injili hiyo ni ishara ya siri ya majasusi. Aidha, Chapman alikuwa amekwenda New York wiki chache kabla ya hapo kwa nia hiyohiyo, akaghairi, akarudi Honolulu. Baadaye, mbele ya bodi ya parole, ambayo imemnyima kuachiwa kila mara tangu mwaka 2000, alieleza kwamba alitafuta umaarufu, na kwamba alikuwa amefikiria kuwaua watu wengine mashuhuri endapo Lennon angeshindikana kufikiwa. Maelezo hayo ni ya mtu aliyesitasita, aliyepima na kuchagua. Ni vigumu kuyaoanisha na picha ya mtu aliyeamshwa na ishara asiyoweza kuipinga.

Katika tukio la pili, kitabu ni kimoja tu kati ya mali za msafiri. Kilichomshughulisha Hinckley kilikuwa filamu iitwayo Taxi Driver, ya mwaka 1976, aliyoitazama mara nyingi, pamoja na mwigizaji wake kijana, Jodie Foster, aliyetaka kumvutia kwa kitendo chake. Mwaka 1982 baraza la wazee wa mahakama lilimwona hana hatia kwa sababu ya ugonjwa wa akili, akapelekwa hospitali. Kabla ya kumshambulia Reagan, alikuwa amemfuatilia Rais Jimmy Carter. Vilevile, kifo cha Lennon kilimgusa mno hata akasafiri kwenda New York kujiunga na waombolezaji.

Hapo panajitokeza hoja ya kimantiki. Ili mashahidi watatu wathibitishe jambo, sharti kila mmoja awe ameliona kwa macho yake. Shahidi wa pili akiwa amesikia kwa wa kwanza, na wa tatu kwa wote wawili, kilichopo ni ushahidi mmoja uliorudiwa. Hinckley alifanya kitendo chake baada ya magazeti ya dunia nzima kuandika juu ya kitabu cha Chapman. Kufikia mwaka 1989, Bardo alipokibeba kitabu hicho, riwaya ilikuwa imekwisha kujulikana kote kama kitabu cha wauaji. Kuonekana kwake mara ya pili na ya tatu hakuwezi kutenganishwa na sifa iliyoipata mara ya kwanza. Kuigana kwa watu wanaotafuta kutajwa kunatosha kueleza mfuatano huo bila kuhitaji mkono wa siri.

Pamoja na hayo, ipo hesabu. Inakadiriwa kwamba riwaya hii imeuzwa zaidi ya nakala milioni 65. Kwa miongo kadhaa imesomeshwa katika shule za sekondari za Marekani, hata ikawa vigumu kumpata kijana wa rika la wauaji hao, aliyepitia shule, ambaye hajawahi kuiona. Kitabu kilichomo katika kila nyumba kitakutwa pia katika nyumba ya muuaji. Swali lenye maana ni kama hukutwa huko zaidi ya kinavyokutwa kwingine, na swali hilo wenye dhana ya njama hawaliulizi.

4.0 Dhana Ilikochota Nguvu

Dhana hii isingedumu kama isingekuwa na punje ya kweli ndani yake. Mwezi Aprili 1953, Shirika la Ujasusi la Marekani, CIA, lilianzisha mpango wa siri ulioitwa MK-ULTRA. Chini ya mkemia Sidney Gottlieb, mpango huo ulitafuta njia za kuitawala akili ya binadamu kwa dawa za kulevya, kwa usingizi wa bandia na kwa mateso. Watu kadhaa walipewa dawa bila kujua wala kuridhia. Mwaka 1973 mkurugenzi wa CIA, Richard Helms, aliamuru hati za mpango huo ziteketezwe. Uchunguzi wa Baraza la Seneti mwaka 1975 na 1977 uliyaweka hadharani yale yaliyosalimika, yaani kurasa zipatazo 20,000 ambazo hazikuteketezwa kwa sababu zilikuwa zimehifadhiwa mahali pengine.

Kwa hiyo uhalifu ulikuwapo, na serikali iliuficha. Miaka mitatu tu baada ya mwaka 1977, Lennon aliuawa. Msomaji aliyekwisha kudanganywa na wakubwa wake ana sababu ya kutowaamini. Anayeibeza dhana ya njama bila kuikiri historia hiyo hatendi haki.

Hata hivyo, kutoka hapo hadi kwenye riwaya ya Salinger pana pengo, na pengo hilo lilizibwa kwa fasihi. Mwaka 1959 mwandishi Richard Condon alichapisha The Manchurian Candidate, riwaya kuhusu askari aliyetekwa vitani Korea akageuzwa kuwa muuaji asiyejijua, anayeamshwa kwa kuoneshwa karata moja. Mwaka 1962 riwaya hiyo ilitengenezwa kuwa filamu. Dhana inayomhusu Chapman ina muundo huohuo, isipokuwa mahali pa karata pamewekwa kitabu. Kinachodaiwa kuwa siri ya majasusi kilikuwa kimekwisha kuuzwa madukani kama hadithi ya kubuni kwa zaidi ya miaka 20.

Baada ya hapo hadithi ilizaa hadithi. Mwaka 1989 mwanasheria na mwandishi wa Uingereza, Fenton Bresler, alichapisha kitabu kilichodai kwamba Chapman aliandaliwa akilini. Mwaka 1990, katika tamthilia ya John Guare iitwayo Six Degrees of Separation, kijana mlaghai anawavutia matajiri wa New York kwa hotuba ndefu kuhusu riwaya hii na wauaji wake. Mwaka 1997 ikatoka filamu Conspiracy Theory, ambamo dereva wa teksi hawezi kupita duka la vitabu bila kununua nakala ya riwaya hiyo, na kwa kununua kwake maadui wanamgundua alipo. Watazamaji wengi waliipokea dhana kutoka kwenye filamu, kisha wakaihesabu kuwa habari.

Jambo jingine linalotajwa ni utumishi wa Salinger mwenyewe. Ni kweli kwamba katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia alitumikia kikosi cha kuzuia ujasusi cha jeshi la Marekani, na kwamba alishuka ufukweni Normandy tarehe 6 Juni 1944. Lakini tarehe hazikubaliani na tuhuma. Hadithi fupi ya kwanza ya Salinger yenye mhusika Holden Caulfield ilikubaliwa na jarida la The New Yorker mwaka 1941, ikacheleweshwa na vita, ikachapishwa mwaka 1946. CIA iliundwa mwaka 1947. Holden ni mkubwa kwa umri kuliko shirika linalodaiwa kumtuma.

5.0 Sarufi ya Dhana ya Njama

Kwa mwanaisimu, jambo la kuvutia ni jinsi madai haya yanavyoweza kusimama kwa nguvu ya lugha pale nguvu ya ushahidi inapokosekana. Yakisemwa kwa Kiswahili, vipengele vitatu vya sarufi hufanya kazi hiyo.

Kipengele cha kwanza ni kiambishi -ka- cha masimulizi. Tazama sentensi: Alisoma kitabu akaua. Kisarufi, -ka- hueleza kwamba tendo la pili lilifuata la kwanza. Hakielezi kwamba la kwanza lilileta la pili. Mtu anaweza kusema alikunywa chai akaenda kazini, na hakuna atakayedhani kwamba chai ndiyo iliyompeleka. Lakini tendo la pili likiwa zito na la kutisha, msikilizaji hutafuta uzito wa namna hiyo katika tendo la kwanza, na -ka- humfungulia mlango. Mfuatano hugeuka usababishi bila msemaji kulazimika kuutamka. Angelazimika kusema aliua kwa sababu alisoma, angeulizwa uthibitisho.

Kipengele cha pili ni hu- ya mazoea. Husemwa: Kitabu hiki hukutwa kwa wauaji. Kiambishi hu- hakihesabu wala hakina wakati. Matukio matatu yaliyotokea katika muda wa karibu miaka tisa, katika nchi moja, hugeuzwa kuwa desturi ya siku zote. Sentensi iliyo sahihi ingesema kilikutwa mara tatu, na hapo msikilizaji angeuliza: kati ya ngapi?

Kipengele cha tatu ni kauli ya kutendwa isiyotaja mtenda. Aliandaliwa. Alitumwa. Akili yake ilichezewa. Kiswahili kinayo njia nyepesi ya kumtaja mtenda katika kauli hii, yaani kiunganishi na pamoja na jina: alitumwa na fulani. Dhana ya njama huiacha nafasi hiyo wazi. Uwazi huo ndio nguvu yake, kwa kuwa kila msikilizaji huujaza kwa hofu yake mwenyewe: huyu ataweka majasusi, yule wenye fedha, mwingine wachapishaji.

Zaidi ya sarufi, kuna neno moja la Kiswahili linalolibeba tatizo lote hili, nalo ni kisa. Neno hili lina maana mbili. Kisa ni hadithi, masimulizi ya jambo lililotokea. Kisa pia ni sababu, kama mtu anapouliza: Kisa cha ugomvi wenu ni nini? Uhusiano wa maana hizi mbili unaeleweka. Binadamu anapotaka kujua sababu ya jambo, husimuliwa hadithi. Hatari huja anapodhani kwamba kila hadithi iliyosimuliwa vizuri imekwisha kuwa sababu. Dhana ya njama ni kisa kwa maana ya kwanza kinachodai heshima ya maana ya pili.

6.0 Riwaya Yenyewe Inasema Nini?

Mwanafunzi wa fasihi anapaswa kurudi kwenye matini. Holden ni mvulana wa miaka 16 aliyefukuzwa shule ya bweni katika jimbo la Pennsylvania kabla ya Krismasi. Kwa siku chache anatangatanga New York kabla ya kuwakabili wazazi wake. Anawachukia watu wanafiki, ingawa yeye mwenyewe anakiri kuwa mwongo mkubwa. Mdogo wake, Allie, alifariki kwa saratani ya damu, na msiba huo haujamwachia. Mtu anayempenda kuliko wote ni dada yake Phoebe, mtoto wa miaka 10.

Riwaya haikosi maneno ya ukali, na wenye dhana ya njama huyanukuu. Holden anafanya mzaha kuhusu kofia yake nyekundu ya kuwindia kwamba shabaha yake ni watu. Baada ya kupigwa na mhudumu wa lifti, anajifanya mtu aliyejeruhiwa kwa risasi na kuwaza kulipiza kisasi. Lakini papo hapo anayacheka mawazo hayo, akizilaumu filamu kwa kumharibu. Katika kitabu kizima hamuui mtu. Anapigana na kijana anayeishi naye chumba kimoja, akapigwa yeye. Kofia inayodaiwa kuwa ya mwindaji anampa dada yake. Mwishoni anakaa kwenye mvua akimtazama Phoebe akizunguka juu ya farasi wa mbao, akakaribia kulia kwa furaha.

Jina la riwaya linatokana na kosa la kusikia. Holden anamweleza Phoebe kwamba angependa kuwa mdakaji, asimame ukingoni mwa genge kwenye shamba la nafaka, awadake watoto wanaocheza kabla hawajaanguka. Picha hiyo ameitoa katika shairi la mshairi wa Uskoti, Robert Burns. Lakini hakulikumbuka vizuri. Mahali ambapo Burns alitumia kitenzi chenye maana ya kukutana, Holden amesikia kudaka. Phoebe anamsahihisha papo hapo.

Hapa ndipo penye kiini cha riwaya. Kijana amejenga ndoto yake ya maisha juu ya neno alilolisikia vibaya, na mtoto mdogo, kwa upole, anamwambia kwamba matini haisemi hivyo. Chapman alikisoma kifungu hichohicho mahakamani, mbele ya hakimu na mbele ya dunia, kama maelezo ya mauaji. Alichukua ndoto ya kuwaokoa watoto akaifanya utetezi wa kumuua baba wa mtoto wa miaka 5, kwani ndio umri aliokuwa nao mwana wa mwisho wa Lennon. Usomaji wake ulikuwa mbaya kwa kipimo chochote cha uhakiki. Lililokosekana ni mtu wa kumsahihisha. Dhana ya njama haimsahihishi pia. Inakubaliana naye kwamba ufunguo umo ndani ya kitabu, ikitofautiana naye tu kuhusu aliyeuweka humo.

7.0 Gharama ya Kisa Kibaya

Inaweza kuulizwa: je, dhana ya namna hii ina madhara gani? Wengine huiona kuwa mchezo wa wasomaji wenye muda. Yapo madhara angalau mawili.

La kwanza linawahusu waliokufa na walioumia. Wakati watu wakitafuta siri katika kurasa za riwaya, sababu zilizo wazi zaidi zilikuwa mezani. Chapman alinunua bastola yake dukani Honolulu kwa njia halali. Hinckley alinunua yake katika duka la rehani huko Dallas. Bardo alipata anwani ya Rebecca Schaeffer kwa kumlipa mpelelezi wa kujitegemea, ambaye aliitoa katika kumbukumbu za idara ya magari ya jimbo la California. Waliozitazama sababu hizo walifanya kazi yenye manufaa. Mwaka 1990 California ilitunga sheria ya kwanza nchini Marekani ya kuwaadhibu wanaowaandama watu. Mwaka 1993 ilipitishwa sheria ya ukaguzi wa wanunuzi wa bunduki iliyopewa jina la James Brady, msemaji wa Reagan aliyepigwa risasi kichwani siku ile, akaishi na ulemavu hadi kifo chake mwaka 2014. Mwaka 1994 ikafuata sheria ya kulinda taarifa za madereva. Hakuna kati ya sheria hizi iliyogusa riwaya, na yamkini zipo nyumba ambazo msiba haukufika kwa sababu yake.

La pili linawahusu walimu na vitabu. Riwaya ya Salinger ilikuwa imeandamwa kabla ya mwaka 1980 kwa sababu ya lugha yake. Mwaka 1960 mwalimu mmoja wa Tulsa, jimboni Oklahoma, alifukuzwa kazi kwa kuwapa wanafunzi kazi ya kuisoma, akarejeshwa baadaye alipokata rufaa. Tuhuma za mauaji ziliwapa waliotaka kuiondoa maktabani silaha mpya.

Jambo hili si geni katika fasihi ya Kiswahili. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilipotoka mwaka 1971 ilizuiwa isitumike katika shule za Tanzania, kwa hofu kwamba ingewapotosha wasichana. Miaka ilipita, na riwaya hiyohiyo ikawekwa katika orodha ya vitabu teule vya sekondari. Matini haikubadilika. Kilichobadilika ni usomaji: wasomaji walitambua kwamba riwaya inayoonesha anguko la binti aliyelelewa kwa kufungiwa inaonya dhidi ya anguko hilo. Huko Ulaya, riwaya ya Goethe kuhusu mateso ya kijana Werther, ya mwaka 1774, ilipigwa marufuku Leipzig mwaka uliofuata kwa tuhuma za kuwachochea vijana kujiua.

Haya hayana maana kwamba vitabu havina nguvu. Mwalimu wa fasihi anayedai hivyo anajiondolea kazi. Kitabu humgusa msomaji, humpa maneno ya kuyaelezea machungu yake, na anayeugua akilini huweza kuyatumia maneno hayo vibaya. Booth, aliyetajwa awali, alikuwa mwigizaji, na miezi michache kabla ya kumuua Lincoln alishiriki na ndugu zake kuigiza Julius Caesar ya Shakespeare mjini New York. Katika shajara yake alijifananisha na Brutus. Hakuna aliyedai kwamba Shakespeare alikula njama. Tofauti iliyopo ni kati ya kitabu kumpa mtu maneno na kitabu kumpa mtu mkono. Maneno yanaweza kutoka kitabuni. Mkono unaovuta kifyatulio ni wa mwenyewe, na ndio unaopaswa kujibu.

8.0 Hitimisho

Mwaka 1960 ilichapishwa riwaya ya Mohamed Said Abdulla, Mzimu wa Watu wa Kale, iliyokuwa imeshinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki. Ndani yake mtu anakutwa ameuawa mahali panapoogopwa kwa mizimu. Watu wako tayari kuukubali mkono wa mizimu, kwa kuwa maelezo hayo yanaufunga mjadala. Bwana Msa hakubali. Anauliza nani alikuwa wapi, saa ngapi, na nani angefaidika. Mwishowe muuaji anaonekana kuwa binadamu.

Bwana Msa hawadhihaki wanaoogopa. Anajua kwamba hofu yao ina historia. Anachokataa ni kuiacha hofu ifanye kazi ya ushahidi. Msimamo huo unaifaa pia dhana iliyojadiliwa hapa. MK-ULTRA ni historia ya kweli, inayostahili kusomwa na kukumbukwa kwa majina na tarehe. Kuibandika juu ya kila kifo kisichoeleweka hakuwatendei haki wahanga wake, kwa maana uovu uliothibitishwa huchanganyika na uliobuniwa hadi wote ukaonekana hadithi.

Mwanafunzi atakayekutana na sentensi alisoma akaua na aisimamishe penye -ka-. Aulize kilichokuwapo kati ya kusoma na kuua: bastola ilitoka wapi, anwani ilitoka wapi, wangapi walisoma wasiue, na ni nani aliyekuwa wa kwanza kukiita kitabu maelezo yake. Kisha akifungue kitabu, akisome chote, afike penye yule mtoto anayemwambia kaka yake kwamba neno la mshairi ni kukutana. Hapo atakuwa amekitenga kisa kilicho hadithi na kisa kilicho sababu.